Mama Mkwe Aitafutia Tovuti Chumba

Kwa kuwa ninafanya kazi kwenye duka la fotokopi, ukoo mzima wa mke wangu unaamini kwamba kila kompyuta duniani ni ndugu yangu wa damu. Simu ikigoma, naitwa mimi. Televisheni ikionyesha chenga, naitwa mimi. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniletea pasi ya umeme. Kwa hiyo siku mama mkwe alipohitaji tovuti, hakuna aliyeuliza nani atamsaidia. Mke wangu alinitazama tu, nami nikajua mapumziko yangu ya mwezi mzima yameshakwenda na maji.

Mama mkwe wangu ni fundi wa cherehani. Sisemi mshonaji, mshonaji ni mtu mwingine. Yeye anatengeneza mashine zenyewe, anazifungua matumbo, anazisafisha, anazirudisha zikiwa na adabu. Mjini wanamwita Bisibisi, kwa ajili ya bisibisi ndogo anayoichomeka kwenye kilemba chake. Jina hilo sijawahi kulitamka mbele yake, na hata nyuma yake hulitamka nikiwa nimefunga mlango.

Ufundi aliuokota kiwandani. Alikuwa mshonaji wa kola za mashati, kola mia tatu kwa siku, na mashine yake ilipoharibika ilibidi amsubiri fundi mmoja aliyependa kubembelezwa. Siku moja akachoka kubembeleza, akaifungua mwenyewe kwa kisu cha mezani. Fundi alipofika, ile mashine ilikuwa inashona na mbili za majirani zilikuwa zimeshapona. Kiwanda kilipofungwa wenzake waliondoka na mabaki ya vitambaa. Yeye aliondoka na kopo la skurubu. Tangu hapo ni miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo amepanga karakana sita. Ya kwanza ilivuja. Ya pili ilipakana na mchomeleaji wa mageti, cheche zikawa zinamwingilia dirishani. Ya tatu mwenye nyumba alikumbuka ghafla kwamba ana mpwa anayetaka kufungua saluni, akamtoa siku hiyo hiyo. Ya nne na ya tano sizielezi, zitanipandisha presha bure.

Kutokana na hayo ana masharti yake ya kupanga. Haendi kuona chumba siku ya jua, husubiri mvua. Huketi ndani saa nzima bila kusema neno, anasikiliza. Huweka bilauri ya maji sakafuni aone kama inatikisika. Kisha hupiga hodi kwa kila mpangaji, mmoja mmoja, ajue anafanya kazi gani, ana kelele kiasi gani na ana tabia gani. Ndivyo alivyoipata karakana ya sita, na humo amekaa miaka kumi na minne bila kugombana na mtu.

Tatizo ni kwamba cherehani za chuma zinakwisha. Siku hizi watu hununua zile nyepesi za plastiki, zikifa wanazitupa. Wateja walipungua mpaka akawa anashinda akizipaka mafuta mashine zilezile tatu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mke wangu akatangaza kwamba karakana ikifungwa, mama anahamia kwetu. Kwetu ni vyumba viwili na sebule, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba mtu akijigeuza kitandani, wa upande wa pili anajua amegeukia wapi. Mimi sikutaka. Nampenda mama mkwe, lakini napenda kumpenda akiwa kwake. Yeye naye hakutaka. Siku alipoonyeshwa kile chumba alisimama mlangoni asiingize hata mguu mmoja. Lakini mkwe na mkwe hawaambiani mambo kama hayo. Mimi nikasema itakuwa furaha kubwa, yeye akasema itakuwa furaha kubwa, mke wangu akatuamini wote wawili, akaenda kununua mapazia.

Hapo ndipo likatoka tangazo la chuo cha ufundi. Chuo kilikuwa na cherehani sitini za chuma, kikatafuta fundi wa kuzihudumia kwa miaka mitatu. Kazi hiyo ingeifufua karakana kabisa. Sharti lilikuwa moja la ajabu: kila mwombaji awe na tovuti ya biashara yake. Kamati ya watu watatu ingezifungua tovuti zote Alhamisi fulani saa nne kamili asubuhi, na ambayo haifunguki, mwenyewe anakatwa. Nilipiga simu kuuliza kwa nini mtu wa kukaza skurubu adaiwe tovuti. Mama mmoja akanijibu kwa upole kwamba ndivyo fomu ilivyo.

Kurasa zenyewe nilizitengeneza kwa jioni mbili: picha ya karakana, namba ya simu, orodha ya aina za mashine, na picha ya mama mkwe akiwa amekunja uso kwa sababu nilimwambia atabasamu. Kilichobaki kilikuwa pa kuiweka. Na hapo nilifanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi. Nilimweleza kwa mfano. Nilimwambia tovuti ni kama mtu anayehitaji chumba. Kuna kompyuta kubwa mahali fulani, haizimwi, unalipa kwa mwaka unapewa sehemu yako. Ukitaka bei ndogo, unakaa pamoja na wengine kwenye kompyuta moja, kila mtu na mlango wake. Nilijiona mwalimu hodari kweli.

Mama mkwe alichomoa bisibisi kilembani, ishara kwamba ameelewa na kazi imeanza. "Vizuri," akasema. "Twende tukakione."

Nikamwambia hakionwi. Akaniuliza ni mpangaji gani mwenye akili timamu anayelipia chumba ambacho hajakiona. Mama mkwe hajibiwi ovyo.

Tulianza na kampuni kubwa za mtandaoni, mimi nikichapa, yeye akinitajia maneno. Kwenye ya kwanza tulipokelewa na roboti. Mama mkwe akasubiri imwamkie. Dakika zikapita. Nikamweleza kwamba roboti haiwezi kujua kwamba anayeongea nayo ni mtu mzima. Akaniambia basi niijulishe. Nikachapa kwamba hapa yupo mama wa miaka sitini na minne. Roboti ikajibu kwamba haikuelewa swali langu, ikatupa mambo matano ya kuchagua, na salamu haikuwemo. Kampuni ile ikaishia pale.

Ya pili ilikuwa na binadamu, tena mchangamfu. Akatueleza kwamba mwaka wa kwanza bei ni kama kutengeneza cherehani mbili, halafu mwaka wa pili inapanda mara tatu. Mama mkwe akasema hiyo anaijua, mwenye nyumba wake wa tano alikuwa na tabia hiyo hiyo. Yule mchangamfu akaongeza kwamba tovuti zao ziko hewani asilimia tisini na tisa nukta tisa ya muda wote. Niliona kilemba kikiinuka.

"Muulize hiyo iliyobaki inaangukia siku gani."

Nikauliza. Akasema siku yoyote, haijulikani. Mama mkwe akachukua penseli, akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akapata kwamba kwa mwaka ni karibu saa tisa. Akataka saa hizo zipangiwe tarehe, zisije zikaangukia Alhamisi ya kamati. Binadamu yule akaenda kumwuliza mkubwa wake na hakurudi tena. Nadhani hadi leo bado anatafuta tarehe.

Ya tatu ilikuwa na ofisi mjini, milango ya vioo, na dada wa mapokezi aliyetupa kijitabu chenye picha ya ukumbi uliojaa mashine na taa za buluu. Ukumbi huo, akasema, uko bara jingine. Mama mkwe akaitazama picha ile kwa muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona mahali pote pale hakuna hata mtu mmoja. Nikasema hapahitaji mtu. Akakirudisha kijitabu mezani kwa vidole viwili. Mwenye nyumba haishi hapa, akasema, na mlinzi hayupo, halafu wanataka alipe mwaka mzima mbele.

Wiki tatu zikawa zimekatika. Nyumbani mapazia yalikuwa yameshatundikwa. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa ndipo mteja mmoja wa fotokopi akanitajia mtu aliyeitwa Bwana Wingu. Aliitwa hivyo kwa sababu kila swali la kompyuta alilijibu kwa kutaja wingu, jina ambalo wataalamu huziita kompyuta za mbali za kuhifadhia vitu, lakini wingu lake lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote nilizowahi kuona: kama kutengeneza cherehani moja kwa mwaka, na haipandi. Nilipomwuliza kwa aibu kama mama mkwe wangu anaweza kuiona hiyo kompyuta, akasema karibuni tu, ipo hapo nyuma.

Tulikwenda siku ya mvua. Bwana Wingu, mtu wa makamo mwenye kandambili na miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwamkia mama mkwe kabla hajamaliza ngazi, na nikajua mambo yameiva. Akatufungulia mlango wa nyuma. Chumba kile zamani kilikuwa bafu. Vigae vyeupe vilikuwa bado ukutani na bomba la mvua lilikuwa bado limening'inia, limefungwa kwa plasta. Katikati, juu ya meza ya shule, ilikaa kompyuta nyeusi yenye vumbi, na feni ya mezani ikiipepea. Mimi akili ilinihama. Mtu anaweka kompyuta bafuni. Mama mkwe akavua viatu, akaomba kigoda, akaketi saa nzima. Aliweka bilauri. Alikagua bomba. Alichuchumaa, akamwaga maji kidogo sakafuni, akayatazama yakitiririka yenyewe hadi kwenye tundu la kona. Karakana zote sita alizopanga, akasema, hakuna hata moja iliyokuwa na sakafu yenye mteremko mzuri hivi.

Kuhusu zile saa tisa za kuzimika, Bwana Wingu hakubisha. Walikaa wote wawili na penseli, wakazigawa kwa majuma, ikawa dakika kumi kila Jumapili saa kumi alfajiri, na akaiandika kwa mkono chini ya mkataba. Nilidhani anamridhisha tu bibi wa watu. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anaamka kweli kila Jumapili kwa kengele ya saa, anaizima kompyuta, anasimama bafuni dakika kumi, anaiwasha, anarudi kulala. Alisema mkataba ni mkataba.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mama mkwe akaomba majina ya wapangaji wenzake.

Bwana Wingu alikuwa na tovuti kumi na moja kwenye mashine ile, na wenyewe hawakujuana kabisa. Kwa wiki mbili mama mkwe aliwazungukia wote, akipiga hodi, akijitambulisha kuwa yeye ni mpangaji mpya. Kulikuwa na dada muuza mawigi, mwenye shule ya udereva, na mshereheshaji wa harusi ambaye hata ukimwuliza njia anakujibu kama ameshika kipaza sauti. Nilimsindikiza mara mbili na mara zote mbili niliona haya. Watu walitutazama kana kwamba tumekuja kuuza dawa ya mende. Kisha akawaeleza kwamba wote wanalala chumba kimoja na hawajawahi hata kujuliana hali, nao, jambo la kushangaza, wakaona aibu wao.

Likaundwa kundi la simu la wapangaji. Ikapangwa zamu ya kufuta vumbi. Kila Jumamosi mpangaji mmoja alifika juu ya duka la viatu na kitambaa chake mwenyewe, akaipangusa kompyuta, akasaini daftari. Muuza mawigi alileta brashi ya nywele kwa ajili ya feni. Mwenye shule ya udereva alitaka kuweka alama za barabarani mlangoni, akakataliwa kwa kura. Bwana Wingu, aliyekuwa amezoea kuishi peke yake na mashine yake kwa amani, akaanza kuitwa vikaoni kujibu kuhusu dirisha lisilofunga na lini atanunua feni ya pili.

Mpangaji aliyemkaa mama mkwe moyoni kuliko wote alikuwa mzee mmoja mpima ardhi mstaafu. Tovuti ya mzee huyu haikuuza kitu. Ilikuwa na picha za kobe wake. Kila siku aliweka tatu, asubuhi, mchana na jioni, na chini ya kila moja tarehe na maneno machache: amekula ganda la tikiti, amelala, amehamia upande wa kivuli. Miaka mitano sasa. Nilizipitia kama mia hivi na naapa zote zilikuwa picha moja. Mama mkwe alipomtembelea alikaa uani mwake mchana kutwa, wakimtazama kobe bila kusema kitu. Aliporudi aliniambia kwamba huyo mzee anapima kama anavyopima fundi wa kweli, na mama mkwe watu anaowaita mafundi wa kweli hawafiki watatu.

Alhamisi ikafika. Niliomba ruhusa kazini, nikaazima kompyuta ya mkononi ya dukani, nikaketi karakanani tangu saa mbili. Mama mkwe alikuwa amevaa kilemba kipya, ingawa nilimweleza kwamba kamati haitamwona. Saa mbili na nusu ukurasa ulifunguka. Saa tatu ulifunguka, ila kwa kuchechemea. Saa tatu na dakika ishirini nikabonyeza, ukaja weupe mtupu. Nikabonyeza tena. Weupe.

Nikampigia Bwana Wingu. Alikuwa bafuni, nasikia feni. Akanieleza kwamba mtu mmoja maarufu wa kuremba maharusi alikuwa amevaa wigi la yule dada mpangaji na kumsifia mtandaoni mbele ya maelfu, na tangu alfajiri watu walikuwa wanamiminika kwenye tovuti yake kununua. Kila anayeingia anaacha alama yake, kila anayeagiza anaacha oda yake, na sasa kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, hata pa kuweka sindano hapakuwa na nafasi. Tovuti zote zilikuwa zimekwama. Alikuwa anaipepea kwa faili la mikataba lakini haikusaidia. Kilichotakiwa ni kutoa kitu kikubwa, tena sasa hivi. Na kikubwa kilichokuwemo kilikuwa kimoja tu: picha za kobe.

Nikauliza kama haiwezekani kuzihamishia picha hizo mahali pengine kwanza. Muda hautoshi, akasema. Nikauliza kama hakuna nakala. Akasema nakala ni kwa wale wa bei ya juu, na kwake hakuna mtu aliyewahi kulipa bei ya juu. Yeye mwenyewe hathubutu kufuta bila ruhusa ya mzee.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote, maana mimi nikiogopa huweka simu kwenye spika bila kujua. Nikamwambia ampigie mzee. Wanaheshimiana, atakubali. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano.

"Simpigii," akasema.

Nikamkumbusha cherehani sitini. Nikamkumbusha karakana. Chumba sikukitaja, lakini kilikuwa kimekaa pale katikati yetu na mapazia yake.

"Mtu hatolewi chumbani ili mimi niingie," akasema. "Nimeshatolewa mimi, mwanangu. Wanakupa siku moja, unabeba ulichoweza. Huyu tunampa dakika ishirini. Simpigii."

Akageuka, akachukua mojawapo ya zile mashine tatu za watu wasiorudi, akaanza kuifungua kana kwamba asubuhi ile ilikuwa asubuhi tu. Skurubu zikawa zinamponyoka.

Nitasema ukweli kama ulivyo. Sikumwonea huruma. Nilikasirika. Niliona miaka yangu yote iliyobaki, ukuta mwembamba, bisibisi juu ya meza ya kulia, mimi nikitembea kwa vidole ndani ya nyumba yangu. Nikasema natoka kidogo kutafuta mtandao. Nikazunguka nyuma ya karakana, kando ya mfereji, nikampigia mzee.

Alipokea mara moja. Nikamweleza haraka haraka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: ni mama mwenyewe ndiye aliyeomba? Nikasema ndiyo. Uongo ule ulinitoka bila hata kukwama kooni.

Nyuma yake nilisikia kitu kikikwaruza sementi, polepole, nadhani ni kobe. "Mwambie Wingu afute mwaka wa kwanza na wa pili," akasema. "Hajabadilika sana."

Kobe alikuwa hajabadilika, lakini sauti ya mzee ilibadilika. Nikamshukuru na kukata simu kabla sijaisikia zaidi, nikampigia Bwana Wingu.

Saa nne kasoro dakika saba ukurasa ulifunguka. Picha ya mama mkwe aliyekunja uso ikajaa kioo kizima, na yeye mwenyewe akiwa amekunja uso vilevile kando yake. Nikamwambia mama mkwe kwamba Bwana Wingu amepata njia. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza njia gani. Saa nne na dakika kumi na tano ukurasa ukakwama tena, maana mawigi yalikuwa hayajapoa, lakini kamati ilikuwa imeshafungua na kufunga. Jumatatu yake wakapiga simu. Kati ya waombaji tisa, waliokuwa na tovuti inayofunguka walikuwa wawili, na yule mwingine hakuwa fundi, alikuwa mwuzaji wa viti aliyekosea fomu. Kazi ilikuwa ya mama mkwe.

Mke wangu alilia kwa furaha, kisha akaenda kuuliza dukani kama mapazia yanarudishwa. Mimi nilikula vizuri siku hiyo. Nililala vizuri pia, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikilifikiria.

Jumatano alasiri nilipitia karakanani kumsaidia kujaza karatasi za chuo. Nilimkuta ameketi juu ya kigoda, simu mkononi, na mashine zote zimefunikwa. Kwenye kundi la wapangaji yule mzee alikuwa ameandika pongezi. Aliandika kwamba amefurahi, na kwamba kilichomfurahisha zaidi ni kuona mama fundi ameweza kumwomba bila kuona haya, kwa sababu majirani ndivyo wanavyotakiwa kuwa.

Mama mkwe akanionyesha maneno yale, akasubiri nimalize kusoma. Nilisoma polepole kadiri nilivyoweza.

"Ulimpigia kwa ajili yangu," akauliza, "au kwa ajili ya chumba?"

Ningeweza kusema kwa ajili yake. Ndivyo mkwe anavyotakiwa kusema, na maneno yalikuwa yameshapangwa mdomoni. Lakini alinitazama jinsi anavyotazama mashine iliyofunguliwa, nikaona haina maana.

"Kwa ajili ya chumba, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilisubiri matusi, nilitamani hata anitukane, maana nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya mtu.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Kwenye lile dirisha dogo la nyuma. Ulikuwa umesimama kando ya mfereji na simu sikioni. Nilijua unampigia nani na nilijua unamwambia nini. Ningeweza kutoka nikakunyang'anya hiyo simu, ni hatua sita tu." Akainama, akaokota skurubu iliyokuwa karibu na mguu wake, akaigeuza kwenye vidole. "Nikakifikiria kile chumba chenu. Nikabaki nimekaa."

Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Kwa miaka tisa ya ukwe wetu hatukuwahi kuambiana jambo la kweli lenye uzito wowote, na la kwanza likawa hilo.

Kisha akasimama, akavaa viatu vyake vya kutokea, akachukua funguo. Hakusema tunakwenda wapi. Tulitembea kwa miguu hadi kwa mzee, tukipita juani, kila mmoja akitafuta moyoni maneno ya kuanzia, na tulipofika getini wala yeye wala mimi hatukuwa tumeyapata.

Geti lilikuwa wazi. Mzee alikuwa amepiga magoti katikati ya ua, simu mikononi, uso wake umekaribia ardhi, na kobe mbele yake ametoa kichwa. Ilikuwa saa ya picha ya jioni. Alituona kwa pembe ya jicho, akainua mkono mmoja bila kugeuka, akatuomba tusogee kidogo, tunamzibia mwanga.